Ramani ya Ujerumani kwenye kiwanja cha Gombani: nimsikilize nani?

SWALI: Assalamu alaykum. Mie ni mwalimu wa skuli hapa Chake Chake, Pemba. Mimi na mume wangu tuna kiwanja Gombani, mita 20 kwa 25. Barabara iko upande wa magharibi, na upande huo huo pana mwembe mkubwa. Mdogo wangu anaishi Ujerumani, ametuletea ramani ya nyumba anayosema haili umeme: kuta zimejazwa povu nene, madirisha ya vioo vitatu, na hewa haipiti ila kwa mashine. Fundi wetu anasema humo tutaokwa. Yeye anataka tofali za inchi 6, juu tumwage slebu ili baadaye tupandishe ghorofa, madirisha ya alumini ya kusukuma, na kila chumba kiyoyozi chake. Mwembe anataka kuukata. Tuna watoto wanne, na tunakaa na mama mkwe wangu ambaye ana presha na joto linamsumbua sana. Nimsikilize nani?

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh, mwalimu wangu. Nimefurahi kwa jambo moja kubwa: umeuliza kabla fundi hajapiga kamba. Aghalabu watu hunijia na swali hili nyumba ikishapakwa rangi, na hapo dawa zilizobaki ni chache na zote ni ghali.

Nikupe jibu langu mapema. Mdogo wako ana haki juu ya paa na juu ya chumba kimoja cha kulala. Fundi ana haki juu ya kuta. Kwenye madirisha wote wawili wamekosea, na kwenye slebu fundi amekosea vibaya.

Nyumba za namna aliyokuletea mdogo wako zilianza Darmstadt, mtaa wa Kranichstein, ambako watu walihamia za kwanza mwaka 1991. Sharti lake kubwa ni kwamba kwa mwaka mzima nyumba isitumie zaidi ya uniti 15 za kupashia joto kwa kila mita ya mraba. Ni kazi ya akili kubwa na mie naiheshimu. Lakini tazama inapigana na nini. Joto hukimbia kutoka penye moto kwenda penye baridi, na kadiri tofauti ilivyo kubwa ndivyo linavyokimbia kwa kasi. Kwa mdogo wako, usiku wa Januari nje ni chini ya sifuri na ndani wanataka nyuzi 20. Usiku kama huo tofauti ni nyuzi 20 na zaidi, na baridi hukaa miezi mitano. Hapo povu la sentimita 30 ukutani linarudisha gharama yake.

Sasa njoo Gombani mwezi wa Februari, kaskazi imekaza. Kivulini nje ni nyuzi 32 hivi. Ndani, hata ukiwasha kiyoyozi, utataka 26. Tofauti ni nyuzi sita, tena kwa saa chache za mchana. Usiku inapungua zaidi. Kujaza povu kuta zote za nyumba kwa ajili ya nyuzi sita ni kuzika pesa ambazo zingekusaidia kwengine. Hapo fundi wako yuko sawa: tofali la kawaida linatosha, mradi jua lisilifikie.

Ila iko sehemu moja ya nyumba yako ambayo tofauti yake inaishinda hata ile ya Ujerumani. Ni paa. Bati la maruni, hili linalopendwa siku hizi, saa saba mchana hupita nyuzi 60. Chini yake umekaa wewe na watoto. Ukitaka kulijua hili kwa mwili wako, nenda nyumba yoyote ya jirani yenye bati na dari ya jipsum iliyopigiliwa moja kwa moja, saa tisa alasiri. Panda juu ya kitanda, nyoosha mkono, weka kiganja kwenye dari. Kisha kiweke ukutani, upande wenye kivuli. Dari itakuwa na joto kama kikombe cha chai kilichoachwa kidogo, na ukuta utakuwa wa uvuguvugu tu. Lile joto la dari halingoji hewa ilibebe. Linakushukia moja kwa moja, kama unavyolihisi usoni ukiwa karibu na jiko la mkaa. Ndiyo maana mtu huwasha feni chini ya dari ya namna hiyo na bado akatoka jasho: feni inamletea upepo, lakini jiko liko juu ya kichwa chake.

Hesabu yake si ngumu. Jua la utosi humwaga wati 1,000 hivi kwenye kila mita ya mraba. Hiyo ni nguvu ya pasi moja ya umeme. Nyumba yako ikiwa na paa la mita za mraba 140, ni pasi 140 zimewashwa juu ya kichwa chako. Bati jeusi au la maruni hupokea sehemu kubwa ya moto huo. Bati jeupe likiwa safi hurudisha angani karibu robo tatu yake. Kwa hivyo kabla hujanunua kitu chochote chenye waya, chagua rangi ya paa. Nyeupe, au ya maziwa iliyo karibu na nyeupe. Najua watu watakuambia nyeupe huchafuka. Huchafuka kweli, na mvua za masika huosha nyingi. Na hata ikifubaa bado inaishinda maruni.

Baada ya rangi, chini ya bati, tandaza karatasi ya alumini ing'aayo juu ya kenchi kabla ya papi (mbao zinazopigiliwa bati), upande wa kung'aa utazame chini, na uache nafasi ya hewa isiyopungua inchi moja. Upande unaotazama chini haupati vumbi, na alumini safi haitoi ila sehemu ndogo sana ya joto lake kwa mionzi. Mafundi wengi huigandamiza karatasi hii kwenye bati au huilaza juu ya dari. Ikigusana na kitu inakuwa njia ya joto, na ikilala juu ya dari vumbi huifunika baada ya mwaka mmoja miwili. Ilindie nafasi yake. Kisha acha matundu ya hewa kwenye upenu, yenye wavu wa kuzuia popo na panya, na matundu mengine juu kabisa kwenye mgongo wa paa, ili hewa ya moto iliyo kati ya bati na dari ipande na kutoka. Kwa sababu mko karibu na bahari, misumari na skrubu ziwe za mabati mazuri yasiyoshika kutu, maana paa huanza kuoza kwenye tundu la msumari.

Makuti je? Ni kizuizi kizuri cha joto, sikatai. Lakini yanahitaji kuezekwa upya kila baada ya miaka michache na moto wake hauzimiki. Kwa nyumba yenye watoto wanne na jiko, simshauri mtu.

Sasa slebu. Mwalimu, hapa nakuomba unisikilize kwa makini, kwa sababu jambo hili nimeliona likiwatesa watu Unguja na Pemba. Familia inamwaga slebu, nondo zinaachwa zimesimama zikingoja ghorofa, na ghorofa inangoja pesa, mwaka wa kwanza, wa tano, wa kumi. Muda wote huo zege la inchi sita liko uchi juani. Linakunywa joto mchana kutwa, na joto hilo linachukua saa kadhaa kupenya. Linafika upande wa chini magharibi inapoingia, na kuanzia hapo slebu inawashushia watu joto wakati wa kulala, hadi baada ya saa sita za usiku. Mchana chumba kile huonekana kina ubaridi kidogo, ndiyo maana watu hudanganyika wakati wa kukikagua. Ukikagua nyumba ya slebu, ikague saa tatu za usiku.

Ikiwa lazima muwe na slebu kwa ajili ya ghorofa ya wanao, basi ivisheni kivuli siku ile ile mnayoimaliza: bati jeupe juu ya nguzo, lisimame mita mbili juu ya slebu, pande zote wazi. Mtapata na pa kuanika nguo wakati wa mvua. Kama pesa ya bati haipo, pakeni chokaa nyeupe juu ya slebu kila mwaka kabla ya kaskazi kuanza. Chokaa ni rahisi, na hupunguza sehemu kubwa ya moto huo.

Mie mwenyewe funzo hili nililipata bila kutaka. Mwezi wa Disemba 2009 umeme ulikatika Unguja nzima na haukurudi mpaka Machi 2010, miezi mitatu, tena ya kaskazi. Mtaa niliokuwa nikiishi zilikuwako nyumba mbili zinazotazamana. Moja mpya, nzuri, slebu juu, vioo vikubwa, viyoyozi vinne. Ya pili ya mawe na udongo, ya ajuza mmoja, paa limeshuka chini kiasi cha kuinama ukiingia barazani. Kufika wiki ya pili, wenye nyumba mpya walikuwa wanalala kwenye mikeka nje, watoto wanaliwa na mbu. Ajuza alilala ndani kwake siku zote 90. Tangu hapo kila ramani ninayochora naiuliza: umeme ukikatika Februari, watu watalala wapi? Pemba sasa mnategemea waya wa chini ya bahari uliokuja kutoka Tanga mwaka 2010, kwa hivyo swali hilo ni lenu pia.

Tuje kwenye namna ya kuilaza nyumba kiwanjani. Huna haja ya dira. Sisi hapa kibla chetu kiko karibu sawasawa na kaskazini. Simama katikati ya kiwanja kama unayetaka kuswali. Jua litachomoza mkono wako wa kulia na kuzama mkono wa kushoto. Nyumba yako iwe ndefu kulia na kushoto, na nyembamba mbele na nyuma. Kuta ndefu zitazame kibla na kinyume chake.

Sababu ni hii. Kuta za kaskazini na kusini hupigwa na jua la juu, na jua la juu huzuilika na upenu. Upenu wa mita moja Chake Chake, adhuhuri ya Juni jua linapokuwa kaskazini kabisa, hutia kivuli ukuta mita 1.8 kwenda chini, na saa tisa bado ni mita 1.4 hivi. Upande wa kusini mwezi wa Disemba kivuli hufika mita tatu adhuhuri. Lakini upenu huo huo ukuta wa magharibi, saa kumi na nusu alasiri, hutia kivuli nusu mita tu. Jua limeshainama, linaingia chini ya paa na kuukumba ukuta mzima. Hakuna upenu wa kulizuia. Linazuiwa na mti, na baraza pana, au na vyumba visivyolaliwa.

Na barabara yenu iko magharibi. Desturi ni kuitazamisha nyumba barabarani: mlango mkubwa, sebule, vioo vya kifahari, vyote magharibi. Usifanye hivyo. Upande wa barabara wekeni baraza ya mita mbili na nusu, wageni wakae hapo, na nyuma yake choo, bafu na stoo. Vyumba vya kulala viwe mashariki na kaskazini-mashariki: vinachomwa asubuhi wakati hamna mtu, na jioni vimeshapoa. Jiko liwe pembe ambayo moshi na joto lake havirudishwi ndani na kusi wala kaskazi. Kwa kiwanja chako naona kaskazini-magharibi. Mwezi wa Ramadhani, vyungu vya futari vikianza kuchemka saa tisa, utauona umuhimu wake.

Watu huniuliza mbona nyumba za Mji Mkongwe zina kuta za nusu mita, za jiwe na chokaa, na ndani mna ubaridi. Ni kweli, lakini wanautazama ukuta wakasahau kichochoro. Nyumba zile zinatiliana kivuli, dari ziko juu sana, na katikati mna uwanda unaovuta hewa. Ukuta ule ule ukiusimamisha peke yake Gombani, jua la magharibi likiupiga, utakuwa tanuri la usiku.

Madirisha sasa. Ya mdogo wako yamekusudiwa kukaa yamefungwa. Ya fundi, ya kusukuma, kioo kimoja hulala nyuma ya mwenziwe, kwa hivyo nusu ya dirisha haifunguki kabisa maisha yake yote. Wavu wa mbu nao unakula sehemu kubwa ya upepo uliobaki. Kisha linakuja jambo ambalo wachoraji wa kigeni hawalijui na wa kwetu wanalinyamazia: sitara. Dirisha la kioo likiwa linatazama njia, mwenye nyumba hulifunga na kushusha pazia zito, kwa sababu ndani mna mama, mna wasichana, na wao wana haki ya kukaa kwao bila kutazamwa. Pazia likishuka upepo umekwisha. Nimeona nyumba zenye madirisha kumi na mawili ambayo hayajafunguliwa tangu arusi ya kuhamia. Kiyoyozi katika nyumba hizo kinanunuliwa kwa kukosa sitara kuliko kwa joto.

Wazee walishalijibu hili. Shata za mbao zenye vibao vya kulala, vinavyopitisha upepo na kuzuia macho. Nusu ya chini inafungwa, nusu ya juu inabaki wazi. Seremala mzuri wa Chake au Wete bado anaziweza. Weka shata nje, wavu katikati, na vioo vya luva ndani kwa ajili ya mvua ya upepo. Madirisha yawe kwenye kuta ndefu mbili zinazotazamana, ili kaskazi ikiingia upande mmoja itokee wa pili, na kusi ifanye hivyo kinyume chake. Juu ya milango ya ndani acha uwazi wenye mbao za mtandao, mlango ukifungwa hewa ipite. Na ukuta wa uzio usiwe wa tofali tupu mita mbili kuzunguka kiwanja chote. Pande za upepo jengeni tofali za matundu, au pandeni ua wa miti. Upepo mdogo wa mita moja kwa sekunde humpa mtu nafuu ya nyuzi tatu hivi, bila senti moja ya umeme wa TUKUZA.

Nilisema mdogo wako ana haki juu ya chumba kimoja. Ni cha mama mkwe wako. Mzee mwenye presha hastahili kuambiwa avumilie Februari. Kijengeeni chumba cha pembe ya kaskazini-mashariki, mita 3.5 kwa 4, na hicho ndicho kifuateni ile ramani ya Ujerumani: povu la sentimita 10 juu ya dari yake, dirisha la kufunguka lenye mpira wa kuziba pembeni badala ya luva, mlango wenye mpira chini, tundu la bomba la kiyoyozi lizibwe vizuri.

Kuziba kunasaidia nini? Weka ndoo chini ya kile kibomba kinachodondosha maji ya kiyoyozi nje ya nyumba yoyote. Yale maji yametoka hewani. Hewa yetu ya kaskazi ikiwa nyuzi 30 ina gramu 24 hivi za maji kwa kila mita ya ujazo, na chumba kilichopozwa vizuri kina gramu 12. Chumba cha mama kina mita za ujazo 39. Kikivuja kiasi cha hewa yote kubadilika kila saa, kiyoyozi kitakamua karibu nusu lita kwa saa, lita nne kasoro kwa usiku, na kila lita inakula kama robo ya uniti. Ni uniti nzima hivi kila usiku ya kukausha hewa ya nje, kabla hata ya kumpoza mama. Na unyevu usiokamuliwa unakwenda nyuma ya kabati na kuotesha ukungu. Acha kitundu kidogo tu cha hewa safi, na asubuhi fungua dirisha lote. Kiyoyozi kiwe cha invata, kiwekwe nyuzi 26, na feni izunguke polepole.

Vyumba vingine feni zinatosha. Feni ya kawaida ya wati 60 kwa saa kumi hula uniti 0.6, na hizi mpya za mota ya DC hula nusu yake. Kiyoyozi kidogo cha wati 900 kwa saa nane, hata mota ikifanya kazi nusu ya muda, ni uniti 3.6. Ni feni sita za usiku kucha. Mengine ni madogo: taa za LED, friji isiwe imebanwa ukutani wala kukaa jikoni penye moto, na maji ya kuoga yapashwe na jua. Paneli za sola ziwe za mwisho, mkishapunguza matumizi. Kilowati moja hapa hutoa wastani wa uniti nne kwa siku. Zilazeni kwa nyuzi kumi kuelekea kibla, mvua izioshe, na ziinueni kiasi juu ya bati, kwani nazo ni kivuli cha paa.

Kabla ya msingi, chukua fito nne na kamba, mweke fundi pale baraza itakapokuwa umwoneshe nyumba itakavyolala, kisha subirini pamoja hadi saa kumi na nusu. Ataona mwenyewe kivuli cha mwembe kinaangukia wapi. Msingi uwe mbali nao mita saba au nane kwa ajili ya mizizi, matawi yanayoelekea paa yapunguzwe, lakini mti wenyewe asiuguse. Hakuna kitu kingine mtakachokijenga upande ule wa magharibi kitakachofanya kazi yake.